Alichosema Papa Zawadi Juu ya Mkeka Mweusi

Esperance, mtoto wangu wa kwanza,

Habari za koti la baridi, za kufunga mlango na za kutokula vyakula vya mashine kila siku, mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho garini atakuambia mara ya nne. Mimi hayo nayaacha. Umeenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya. Mama yako yuko jikoni anapanga sombe ya majani ya muhogo iliyoganda kwenye sanduku la barafu, utafikiri huko Buffalo majani hayaoti. Ni saa tisa mchana, nimekaa kwenye meza ya kulia na kalamu, na karatasi mbili nimeshazichana.

Naogopa. Bora niseme mapema, usije ukasoma huku unatafuta ni ugonjwa gani ninao. Sina ugonjwa. Damu yangu walipima mwezi uliopita, kama wanavyotupima wote tunaoshika madini ya risasi, na wakasema iko sawa. Ninachoogopa ni nyumba unayokwenda kulala.

Unajua kwamba unakwenda kwa Papa Zawadi, North Buffalo, kwenye kile chumba cha juu alichokuonyesha kwa simu. Unajua kwamba chuo kimekupokea usome uhandisi, kwamba mabweni yao hatuyawezi, na kwamba bila chumba kile ungebaki hapa Louisville ukipakia maboksi ghalani kama binamu zako. Unajua Papa Zawadi alikuwa rafiki yangu, tukifanya kazi kwenye mstari mmoja wa kiwanda cha batri kule Jeffersontown, kisha akahama. Usilolijua ni kwamba alifukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake, na mdomo uliomfukuzisha ulikuwa wangu. Yeye mwenyewe, nionavyo mimi, mpaka leo hajui.

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikimwambia ukweli, anaweza kukufungia mlango, na masomo yako yanaishia barabarani. Nisipomwambia, utalala chini ya paa la mtu niliyemtupa, utakula chakula chake na kumwita papa, na mimi nitakaa hapa nikipokea picha zenu kwa simu na kusema asante. Tangu siku alipokubali kukupokea nimekuwa nikizunguka ndani ya jambo hili, na sijaona pa kutokea.

Acha nikueleze kwanza kazi yenyewe, maana hujawahi kuielewa na kosa ni langu. Ulipokuwa darasa la tatu nilikuambia natengeneza batri, ukaenda kumwambia mwalimu wako kwamba baba yako anatengeneza vile vijibatri vya rimoti. Nilicheka, sikukusahihisha. Nilikuwa nimechoka.

Ndani ya batri ya gari kuna pleti nyingi zilizosimama bega kwa bega. Kila pleti ni kimia cha madini ya risasi, mfano wa wavu wa dirisha, na kimia hicho tunakijaza udongo laini uliotengenezwa kwa risasi iliyosagwa. Huo udongo ndio unaotunza umeme. Shida yake ni kwamba batri ikijaa na kuisha, ikijaa na kuisha, udongo unavimba na kunywea mpaka unaachana na kimia na kudondoka chini, kama lipu ya nyumba iliyonyeshewa. Ndiyo maana udongo ukiwa bado mbichi tunalaza juu yake kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo. Sisi watu wa Kiswahili pale kiwandani tunakiita mkeka. Mkeka wa zamani ulikuwa mweupe, na kazi yake ilikuwa kushika udongo usidondoke, basi.

Halafu ukaletwa mkeka mweusi. Nyuzi zake zimepakwa kaboni, kwa hiyo zenyewe zinapitisha umeme. Walituambia huu utashika udongo na wakati huohuo utaupa umeme njia ya kufika kwenye kimia, hata pale udongo ulipopasuka, na batri itaishi sana. Ni kweli, Esperance. Usiende huko ukidhani mkeka mweusi ulikuwa kitu kibaya. Ulikuwa kitu kizuri, na mtu wa kwanza kuupenda alikuwa Papa Zawadi.

Yule bwana, kule kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu. Alikuwa anaokota batri zilizokufa, anazifungua, anaosha pleti, anazirudisha, na usiku kambi nzima ilikuwa inasikiliza redio kwa batri zake. Kiingereza hakukijua, lakini ukimpa batri alikuwa anaijua kwa kuinusa tu. Pale kiwandani walimweka mahali mkeka unapotoka kwenye roli na kukatwa na kisu cha duara, upana sawa na pleti. Mimi nilikuwa hatua kumi mbele yake, kwenye tanuri. Ila kazi yangu ya kweli, ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote, ilikuwa kuwa mdomo wa watu. Samweli, waambie hivi. Samweli, huyu anasema nini?

Siku chache baada ya mkeka mweusi kuja, Papa Zawadi alinivuta mkono pale tunaponawia kabla ya kula. Alikuwa na pleti mkononi. Pembeni mwake kulikuwa na nyuzi nyeusi zilizochomoza, fupi, kama ndevu za mtu ambaye hajanyoa siku mbili.

"Papa Esperance, angalia hii. Ile mukeka ya zamani uzi ikitoka inje, iko kioo tu, inakuwasha mukono, basi. Hii inapitishaka courant, ile umeme. Ikivuka ukingo itagusa pleti ya pili."

"Si kuna karatasi katikati?" nikamwuliza, maana kati ya pleti na pleti tunaweka ngozi ya plastiki ya kuzitenganisha.

"Itatoboa. Iko mugumu sawa sindano. Na hii mukeka inachokesha kisu mbio. Kisu inapaswa kubadirishwa kila roli, hapana mara moja kwa siku. Bon, yule mama injinia akikuya, umwambie."

Mama injinia, yule aliyetuletea mkeka mweusi, alikuja wiki hiyohiyo. Mwanamke mpole, daftari mkononi. Msimamizi wa zamu alikuwa ubavuni kwake. Akasimama karibu na mashine, akauliza kwa sauti kubwa kama tuna shida yoyote na mkeka mpya. Papa Zawadi akashusha barakoa akaongea kwa muda mrefu. Aliinua pleti kwenye mwanga, akaonyesha nyuzi kwa ncha ya ukucha, akaonyesha kisu, akagusanisha vidole viwili kisha akavipanua haraka kuonyesha mlipuko. Akamalizia kwa kunitazama mimi.

"Umwambie tusimamishe kwanza, juu hii itaunguza mutu."

Nikamgeukia mama injinia, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anasema mkeka una manyoya kidogo lakini tunauzoea, na anamshukuru kwa kutuletea. Mama akacheka, akaandika. Akampa Papa Zawadi mkono. Papa Zawadi akanitazama ametulia kabisa, akidhani maneno yake yamefika.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi pia. Kwetu kule milimani mgeni mkubwa akija, hata akiuliza, humpi habari mbaya akiwa amesimama. Unamkalisha, unampa maziwa, mnaulizana ng'ombe na watoto, na ile mbaya inatoka mwishoni, polepole. Babu yako alipoletewa habari kwamba kundi lake lote la ng'ombe limechukuliwa, wale wajumbe walikaa naye tangu asubuhi mpaka alasiri kabla ya kusema. Na mimi nilikuwa nangoja yule mama akae. Pale kiwandani hakuna anayekaa. Aliuliza amesimama, akajibiwa, akaondoka, na mimi nilikuwa bado niko kwenye maziwa.

Hiyo ni nusu ya jibu, na kwa miaka minne nimejilisha nusu hiyo. Nusu ya pili ni kwamba msimamizi alikuwa ameniambia wanatafuta kiongozi wa mstari, mtu wa kufanya mambo yaende. Nilitaka kuwa mtu huyo. Nilitaka sana. Nikaona nikimwambia mama huyu mbele ya msimamizi kwamba kitu chake kisimamishwe, nitakuwa mtu wa kuleta matatizo.

Kesho yake Papa Zawadi akaniuliza, "Ulimwambia?" Nikasema nilimwambia. "Alisema nini?" Nikasema ataangalia. Basi yeye, akingoja jibu, akaanza kukata zile nyuzi kwa mkasi, pleti kwa pleti, mpaka msimamizi akaja kumfokea kwamba anachelewesha mstari. Zile kelele nilizitafsiri zote, sikupunguza hata neno moja.

Ilivyokuwa ni kama alivyosema. Batri mojawapo ya majaribio ilichemka kwenye chumba cha kuchajia, ikapasuka, na asidi ikamrukia dada mmoja Mburundi kwenye mkono. Alipona, lakini kovu analo, na kila siku ananisalimia kwa mkono huohuo.

Wakatuita ofisini. Chumba kidogo kisicho na dirisha, mlango umefungwa, msimamizi upande ule, mama wa ofisi ya wafanyakazi upande huu, mama injinia kwenye simu ya mezani, na mimi na Papa Zawadi tumekaa goti kwa goti. Mama injinia akawasomea kutoka kwenye daftari lake: opereta alisema hakuna shida, manyoya tu. Wakauliza kwa nini alificha. Wakauliza kwa nini aliacha kisu kikawa butu. Halafu wote wakanitazama, nitafsiri.

Sijui kama nitaweza kukueleza chumba kile kilivyokuwa. Nikitafsiri kilichosomwa, Papa Zawadi anajua palepale nilichofanya. Nikiwaambia wao ukweli, kazi yangu inaisha na wewe uko darasa la tisa, mama yako ana mimba ya mdogo wako. Kila mlango wa kutoka ulipita kwenye mdomo wangu. Nikamgeukia Papa Zawadi nikamwambia, "Wanasema kisu ulikiacha kikachoka."

Akakodoa macho. "Lakini tuliwaambia! Si tuliwaambia? Uwakumbushe siku ile."

Nikaangalia meza. Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba anasema sori, anasikitika sana.

Akapewa karatasi ya kuachishwa kazi, akatia sahihi. Tulirudi kwa gari langu kama kawaida. Mwendo wa dakika ishirini, na kwa dakika hizo zote nilikuwa na mdomo na yeye alikuwa na masikio. Karibu na kwake akasema, kama mtu anayejisemea peke yake, "Pengine sikueleza muzuri." Nikaegesha. Akashuka, akanishukuru kwa lifti.

Yeye na familia yake hawakumaliza miezi miwili wakahamia Buffalo kwa shemeji yake. Mimi nikapewa uongozi wa mstari. Mwezi wa kwanza tu niliandika sheria kwamba kisu kibadilishwe kila roli, wakanisifu mbele ya watu na kunipigia makofi. Mkeka mweusi ukatulia, batri zikatoka nzuri. Na tangu hapo, kila wanapoletwa watu wapya, kwenye mafunzo ya usalama kuna mfano wa opereta mmoja mzembe aliyeficha tatizo mpaka mwenzake akaungua. Jina halitajwi. Anayewatafsiria Waswahili mfano huo ni mimi. Nimeutafsiri mara nyingi mpaka nausema bila kusikia.

Watu wananiuliza kwa nini sitafuti kazi nyingine, mbali na vumbi lile na vile vipimo vya damu. Nawaambia bima ni nzuri. Ukweli ni kwamba nikiondoka, mfano ule utabaki pale bila mtu anayejua kwamba ni uongo, na nikibaki, mimi ndiye ninayeusema. Kwa hiyo nabaki, nauchukia, na asubuhi navaa barakoa narudi.

Kuna siku moja nyingine nataka kukuomba radhi kwayo. Ulikuwa na miaka tisa, tulikwenda hospitali na mama yako, na mkalimani hakuja. Daktari akakutazama wewe. Ukasikiliza, ukamgeukia mama yako ukamwambia wazi, kwa kile Kiswahili chako cha kuvunjika, kwamba mtoto aliye tumboni moyo wake umeacha kupiga. Nilikufokea kwenye korido. Nilisema huna adabu, ungemwacha mama yako akae kwanza. Ulilia, ukasema kwa Kiingereza kwamba alikuwa ameshakaa. Ni kweli, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha daktari. Ulibeba mzigo ambao ulikuwa wangu, ukaubeba mzima, na mimi nikakufokea kwa sababu hukuupunguza. Nisamehe, mwanangu. Mama yako aliniambia baadaye kwamba alishukuru kusikia kutoka kwako.

Siku moja, Mungu akijalia, wewe ndiye utakayesimama karibu na mashine na daftari, na watu kama sisi watakuwa mbele yako wamevaa barakoa. Utauliza kama kuna shida yoyote. Utajibiwa kwamba hakuna, na asante. Vuta kiti ukae. Uliza tena. Mtu akiongea dakika tatu na mkalimani akakupa maneno matano, jua kuna mtu amebaki njiani. Hayo sidhani kama watakufundisha chuoni, na mimi nimeyajua kwa kuwa nilikuwa upande mbaya wa daftari.

Mama Zawadi alimsimulia mama yako kichekesho wakati wa baridi iliyopita. Batri ya gari yao ilikufa kwenye theluji, na Papa Zawadi alikataa hata kufungua boneti, akaenda kugonga kwa jirani. Siku hizi anatunza wazee, anawaogesha na kuwalisha, na anasema mikono yake haifai tena kwa mashine. Mama yako alicheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta koleo la theluji. Mtu aliyeiwashia kambi nzima redio anaogopa batri ya gari lake mwenyewe, kwa sababu anaamini alishindwa kueleza.

Na ndiye huyohuyo aliyenipigia aliposikia umepata chuo. "Mutoto wako iko mutoto wangu. Chumba kiko. Hata foufou na ndagala atakula, tunapataka ku Grant Street, asiogope." Ulicheza sebuleni. Mimi nilisema asante, ndugu yangu, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo nalo limenitisha.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango. Nilitaka nikupe uisome ukishafika, ukishazoea, halafu nikuombe utafute siku nzuri umwambie wewe. Una maneno mazuri, na yeye anakupenda. Sasa nimesoma nilichoandika mpaka hapa, na naona nilitaka kukufanya uwe mdomo wangu, kwenye nyumba ambayo ukiitoka huna pengine pa kwenda. Nimeona aibu hapa mezani peke yangu. Naweka kalamu chini, nampigia simu sasa hivi, kabla hujarudi.

Nimerudi. Sijui ni nusu saa au zaidi. Mama yako ameshafunga sanduku la barafu.

Nilikwenda kukaa kwenye gari, vioo juu. Alipokea akiwa kazini, kwenye mapumziko, nikasikia bomba la maji linafungwa. Sikumwuliza habari za watoto. Nilimwambia yote, Esperance, kuanzia ya mama injinia mpaka ya ofisini, mpaka ile sheria ya kisu niliyopigiwa makofi. Nilisema haraka, kwa sababu ningepumzika ningeacha.

"Papa Esperance," akasema. "Siku ile mu bureau, mu ile ofisi, Kiingereza nilikuwa sijue. Lakini sori nilikuwa naijua. Njo weye ulinifundisha, siku ulinipokea ku aéroport. Mi niliuliza swali, weye ukasema sori."

Nikamwuliza kama alijua miaka yote hii.

"Ile ya bureau nilijua. Nikasema, iko na woga, iko na watoto, nilikuachia. Ile ya kwanza, ya mama injinia, ile sikujua." Akapumua. "Nilizani nilieleza mubaya. Miaka mine, mi najiuliza ningesema namna gani."

Nililia, na yeye akanisikiliza nikilia, hakunibembeleza. Mwishowe nikamwuliza kwa woga habari zako.

"Mutoto akuye. Yeye hakukuwa mu ile bureau. Chumba ni yake, na mama yake akuye alale, apumuzike mbele ya kurudia njia." Halafu akasema, "Weye, bado."

"Bado mpaka lini, ndugu yangu?"

"Bado," akasema, akakata.

Nimemwambia mama yako pale jikoni. Ameniangalia, amefuta mikono. Nasikia anapanga tena vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Jumatatu nitamwomba mama injinia akae chini na mimi, na dada Mburundi awepo. Naandika hapa ili uwe unajua nimesema. Kazi inaweza kuisha siku hiyo, na naogopa hilo pia, maana nimeshajiahidi jambo kama hili mara nyingi ikifika Jumapili na Jumatatu nikavaa barakoa.

Kwa hiyo kesho haitakuwa kama tulivyopanga. Nitaendesha mimi mpaka Columbus, kwa shangazi yako. Pale nitashuka, mama yako atashika usukani, nami nitabaki kwa shangazi mpaka atakaporudi kunichukua. Barua hii nitakupa dirishani, uisome gari likiwa limeshaondoka. Utataka kumwambia mama yako ageuze. Msigeuze.

Mtafika Buffalo jioni. Papa Zawadi atatoka nje kupokea mizigo, utamjua kwa kucheka kwake. Tumekulea kwamba ukiingia nyumba ya watu, hata kabla ya kukaa, unasema baba anawasalimu. Kila nyumba utakayoingia huko, sema hivyo. Nyumba ile, msalimie wewe kwa jina lako, umsaidie mizigo, uingie. Salamu zangu usizitoe.

Mimi baba yako,
Samweli